Uzi: Swali langu la programu limefungwa. Nilitengeneze vipi lifunguliwe?

#1 MwanaWete

Asalaam alaykum wanajukwaa.

Wiki iliyopita niliuliza swali katika jukwaa moja kubwa la kimataifa la msaada wa programu, na kabla ya saa moja kupita likawa limeshafungwa. Juu yake pameandikwa kwamba linahitaji ufafanuzi zaidi. Nikalihariri, nikaongeza msimbo wote nilionao, yaani maandishi ya programu yenyewe, kutoka mistari 60 hadi 140, lakini halikufunguliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Ami yangu ana kijiofisi cha kukatia tiketi za boti hapa Pemba, nami nimemwandikia programu ndogo kwa lugha ya Python ambayo huchapisha kwenye tiketi saa iliyokatwa, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, kwa sababu wazee wengi wakiona 07:00 huuliza ndiyo saa ngapi. Katika kompyuta yangu programu inafanya kazi vizuri. Tangu niihamishie kwenye seva ya kukodi iliyoko nje ya nchi, tiketi inayokatwa saa moja asubuhi inaandikwa "saa -2".

Kichwa cha swali nilikiandika kwa Kiingereza, na maana yake ni "Tatizo la saa katika Python, tafadhali nisaidieni haraka". Nikaambatisha na picha ya skrini niliyoipiga kwa simu. Dai langu ni kwamba sisi tunafungiwa maswali kwa sababu ya Kiingereza chetu. Je, ni kweli? Na hili nililonalo nilitengeneze vipi?

#2 Maalim wa Tunguu

Wa alaykum salaam. Pole kwa usumbufu.

Ndugu yangu, sikubaliani na dai lako, na nitasema kwa nini. Kiingereza kibovu kinaweza kusahihishwa na msomaji yeyote mwenye nia njema kwa dakika mbili, lakini hakuna msomaji anayeweza kukubunia taarifa ambayo hukuiweka. Swali lako, kama ulivyotusimulia hapa, lina mambo matatu ambayo huko hukuyasema: kwamba programu inafanya kazi kwenye kompyuta yako, kwamba imeanza kuharibika ulipoihamisha, na kwamba ulitarajia kuona 1 ukaona -2. Hayo matatu ndiyo swali. Mistari 140 si swali, ni mzigo unaomtwika mtu usiyemjua akutafutie swali lako ndani yake. Ulipoambiwa ufafanue, ukaongeza msimbo, na hapo ukazidi kulifukia.

Kinachotakiwa ni mfano mdogo kabisa ambao mtu anaweza kuunakili, akauendesha kwenye kompyuta yake na akaiona hitilafu ileile. Kwa sababu hiyo picha ya simu haifai: msimbo ulio ndani ya picha haunakiliki, hautafutiki, na asiyeona anayetumia programu ya kusomewa maandishi hapati chochote.

Ondoa mstari mmoja mmoja mpaka ibaki mistari ambayo ukiondoa mmoja tu, kosa linatoweka. Kisha turudie hapa na ulichopata.

#3 Bint Mkoani

Maalim, nakuheshimu, lakini usilipuuze suala la lugha kwa wepesi huo. Stack Overflow, jukwaa kubwa la maswali ya programu lililoanzishwa mwaka 2008, ina majukwaa ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. Mrusi anayeanza kujifunza anaweza kuuliza kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, akasahihishwa kwa lugha hiyo, akajifunza namna ya kuuliza kabla hajaingia kwenye uwanja wa Kiingereza. Sisi tunajifunza mambo mawili kwa pamoja, programu na lugha, mbele ya watu tusiowajua.

Tazama namna MwanaWete alivyotusimulia tatizo lake hapa. Amelieleza vizuri, kwa mpangilio, mpaka Maalim ameweza kulichambua mara moja. Kwa nini hakueleza hivyohivyo kule? Kwa sababu kule alikuwa anayahesabu maneno. Anayehesabu maneno huacha yale yanayohitajika na kuandika yale anayoyaweza.

#4 JahaziMalindi

Mimi nadhani tatizo ni wasimamizi wa majukwaa hayo. Wanafunga bila kusoma. Kwa ninavyojua, Stack Overflow inahitaji kura tano za wasimamizi kulifunga swali, na wasimamizi wenyewe ni wachache na wamechoka.

MwanaWete, Mpemba kukosea saa ya boti ni msiba, tutakusaidia.

#5 Ukutani

Sahihisho kwa chapisho la 4. Wanaopiga kura za kufunga si wasimamizi peke yao. Ni wanachama wa kawaida waliofikisha pointi 3000, na kura zinazohitajika zilikuwa tano zamani, zikapunguzwa kuwa tatu mwaka 2019. Msimamizi aliyechaguliwa anaweza kulifunga peke yake, na mwanachama mwenye nishani ya dhahabu katika mada fulani anaweza peke yake kulifunga swali la mada hiyo kwa sababu kwamba limeshaulizwa. Sijui MwanaWete aliuliza jukwaa gani na si lazima atutajie. Ninazungumzia lile ninalozijua kanuni zake.

Jambo moja ambalo watu hawalielewi: kufungwa si kufutwa. Swali lililofungwa haliwezi kupokea majibu mapya, basi. Bado unaweza kulihariri, bado watu wanaweza kuandika maoni chini yake, na ukilihariri linaweza kuingia kwenye foleni ya kukaguliwa upya, ambako kura tatu zinatosha kulifungua. Kwa hiyo hariri unayoipeleka kwenye ukaguzi usiipoteze kwa kubadilisha koma. Andika kila kitu kwanza pembeni, ndipo ukibandike.

Na ukiulizwa jambo katika maoni, jibu lako liandike ndani ya swali lenyewe. Mkaguzi husoma swali, na mara nyingi hateremki chini.

#6 MjukuuWaFundi

Babu yangu alikuwa akitengeneza cherahani mjini Unguja. Watu wakimletea mashine imefungwa kwenye kanga, wakiiweka mezani na kusema "haishoni". Babu alikuwa hafungui kwanza. Alikuwa akiuliza: ulikuwa unashona kitambaa gani, uzi wa namna gani, inaruka mishono au inakata uzi, na imeanza kabla au baada ya kubadilisha sindano? Wengine walikuwa wakiudhika, wakidhani anawapotezea wakati. Mara nyingi, mtu akifika kwenye swali la sindano, alikuwa akinyamaza, kisha akasema ameikumbuka: alitia sindano kinyume.

Nimekuwa mtu mzima na ninaandika programu kwa kazi, na kila nikiona swali lililofungwa namkumbuka. MwanaWete, "imeanza baada ya kuhamia kwenye seva" ndiyo sindano yako.

#7 KarafuuKavu

Nashukuru kwa uzi huu, una manufaa. Naongeza sababu ambayo haijatajwa, nayo ni malezi yetu.

Sisi tumelelewa kwamba huingii nyumba ya mtu bila hodi, na huombi kitu kabla ya kuuliza hali ya mwenye nyumba, watoto na wagonjwa. Kumkabili mtu na shida yako moja kwa moja ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tunapoandika swali, tunaanza kwa salamu, tunaeleza sisi ni nani, tunaomba radhi kwa kuwasumbua, tunasema ni wanafunzi wachanga, na shida yenyewe inakuja aya ya tatu. Kule salamu na shukrani huondolewa na wahariri, na wanaosoma kwa haraka huishia aya ya kwanza. Swali langu la mwanzo liliandikwa hivyo, na mtu mmoja alilipunguza kutoka aya nne hadi sentensi tatu. Nilijisikia kama nimefungiwa mlango usoni. Nililisoma tena baada ya siku mbili nikaona kwamba sentensi tatu zile zilikuwa swali langu lote.

Hata hivyo siamini kwamba adabu yetu ni kosa. Nafikiri kule heshima huonyeshwa kwa njia nyingine, yaani kumpunguzia msomaji kazi.

#8 Bint Mkoani

KarafuuKavu umesema vizuri, lakini naona chanzo kiko nyuma zaidi ya salamu. Darasani mwalimu ndiye anayeuliza na mwanafunzi ndiye anayejibu. Tunasema kuuliza si ujinga, na bado mtoto akinyanyua mkono wenzake humcheka. Nimesoma miaka mingi na sikumbuki siku moja ambayo nilipewa alama kwa kuuliza swali zuri. Tutaijulia wapi kazi hiyo?

#9 MwanaWete

Nimefanya kama Maalim alivyosema. Nimeondoa kanzidata, nimeondoa kurasa, nimeondoa sehemu ya uchapishaji, nikabaki na hii:

`from datetime import datetime`
`sasa = datetime.now()`
`print(sasa.hour, sasa.hour - 6)`

Nimeiendesha sehemu zote mbili kwa wakati mmoja, leo saa moja na dakika kumi asubuhi. Kompyuta yangu imeandika 7 na 1. Seva imeandika 4 na -2. Kusema kweli nilikuwa nimeamini kwamba kosa liko kwenye kutoa sita, wala sikuwahi kuitazama ile namba ya kwanza.

#10 Maalim wa Tunguu

Ahsante kwa kurudi na namba. Sasa tunaweza kuzungumza.

Kumbe ulikuwa na maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. La kwanza ni kwa nini mashine mbili zinatofautiana kwa saa 3, na hilo halihusiani kabisa na hesabu ya Kiswahili: `datetime.now()` isiyopewa kitu ndani ya mabano hutoa saa ya mashine inapoendeshwa, na seva nyingi huwekwa saa za UTC, yaani saa za marejeo za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa 3 mwaka mzima. La pili ni namna ya kuigeuza saa ya kizungu kuwa ya Kiswahili. Hilo lina kosa lake, ambalo hujaligundua kwa sababu unajaribu asubuhi tu. Jaribu saa mbili usiku uone.

Wafungaji wana sababu maalumu ya maswali yaliyorundikwa pamoja. Ukiyatenga, kila moja litakuwa fupi.

#11 JahaziMalindi

Hilo la pili ni jepesi. Badala ya kutoa sita tu, andika `(h - 6) % 12`, ambapo h ni saa ya kompyuta na % hutoa baki ya kugawa kwa 12. Saa 20 inakuwa 2, na ile -2 inakuwa 10. Hakuna tena namba hasi.

#12 Ukutani

Jahazi, saa 12 na saa 0 je? Saa sita mchana na saa sita usiku zinatoka sawa, lakini jaribu saa 6 na saa 18 za kompyuta: zote zinatoa 0, na kwetu hakuna saa sifuri, kuna saa kumi na mbili. Inabidi iwe `(h - 6) % 12 or 12`, yaani ikitoka 0 iandikwe 12.

Na tahadhari kwa anayeandika PHP au JavaScript: kule baki ya namba hasi hubaki hasi, yaani -2 ikigawiwa kwa 12 baki yake ni -2, wakati Python hutoa 10. Ukijumlisha sita badala ya kutoa unapata jibu lilelile bila kuingia kwenye hasi, kwa kuwa mzunguko ni wa 12.

#13 Maalim wa Tunguu

Hesabu ya Ukutani ni sahihi, lakini nataka nimsimamishe MwanaWete kabla hajaitumia. Ukirekebisha hesabu kwanza na kuiacha seva kama ilivyo, tiketi ya saa moja asubuhi itaandikwa saa kumi. Saa kumi ni saa halali. Hakuna atakayestuka, na ami yako atakuwa anatoa tiketi zenye saa ya uongo bila kujua. Ile -2 ilikuwa neema, kwa sababu ilipiga kelele.

Hili ndilo linalotokea mtu anapouliza juu ya dawa aliyoibuni mwenyewe badala ya kuuliza juu ya maradhi. Angeuliza "ninawezaje kuondoa namba hasi", angejibiwa vizuri, angeshukuru, na tatizo lingebaki palepale limefunikwa.

#14 PwaniMchangani

Nimesoma uzi wote. Kwa nini kujisumbua kulitengeneza swali lililoharibika? Lifute, uliza jipya. Au iulize akili mnemba, haifungi swali la mtu wala haiondoi salamu.

#15 Ukutani

Kulifuta na kuliuliza upya ni ushauri wa hatari. Katika Stack Overflow maswali uliyoyafuta bado huhesabiwa katika rekodi yako, na mwenye rekodi mbaya huzuiwa kuuliza. Pia usikae kimya ukingoja: swali lililofungwa kwa sababu nyingine isipokuwa kurudiwa, lisilo na alama chanya wala jibu lililokubaliwa au kupigiwa kura, likiachwa siku 9 bila kuhaririwa linaweza kufutwa na mfumo wenyewe. Kwa hiyo hariri mapema.

#16 MjukuuWaFundi

Kuhusu akili mnemba, mimi naitumia kila siku na sina ugomvi nayo. Lakini niliipa maelezo ya kwanza ya MwanaWete, bila yale ya seva, ikanipa palepale hesabu ya baki, ileile ambayo Maalim ametuonya. Haikuniuliza sindano.

#17 KarafuuKavu

Nina sababu nyingine tena, na naomba mniambie kama nimekosea. Hata kama MwanaWete angeandika Kiingereza safi na mfano wa mistari mitatu, mtu aliyeko Canada au Ujerumani angeelewa nini kwa maneno "saa moja asubuhi iandikwe 1, lakini inaandikwa -2"? Kwake saa moja asubuhi ni usiku wa manane uliopita kidogo. Angedhani mwandishi amechanganyikiwa, na angefunga kwa nia njema kabisa. Sisi kwa sisi hatujioni kwamba tunaficha kitu, kwa kuwa hesabu hii tumeikuta na hatujawahi kumweleza mtu. Inaonekana kila mmoja hapa ameshika kipande chake: lugha, mfano, adabu, shule. Mimi naanza kuegemea upande huu.

#18 Maalim wa Tunguu

Hujakosea, lakini hilo nalo linaangukia kwenye lile nililosema katika chapisho la 2. Ni taarifa iliyokosekana.

#19 Bint Mkoani

Na mimi nasema linaangukia kwenye lugha. Angekuwa anaandika kwa Kiswahili, lisingehitaji kuelezwa.

#20 MwanaWete

Rasimu yangu ya swali la kwanza hii hapa, nimeiandika kwa Kiswahili kwanza halafu nitaifasiri. Nisomeeni kabla sijaibandika.

Kichwa: Kwa nini `datetime.now()` inatoa saa 4 kwenye seva na saa 7 kwenye kompyuta yangu kwa wakati mmoja?

Maelezo: Ninaendesha mistari hii miwili, `from datetime import datetime` na `print(datetime.now().hour)`, kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Kompyuta iliyoko Zanzibar inatoa 7. Seva ya kukodi iliyoko nje inatoa 4. Nilitarajia zote zitoe 7, kwa sababu watumiaji wote wako Zanzibar. Nimehakiki kwamba toleo la Python ni moja katika mashine zote mbili. Nifanye nini ili programu itoe saa ya Zanzibar popote inapoendeshwa?

Hesabu ya Kiswahili nimeiondoa kabisa. Swali la pili nitaliuliza peke yake.

#21 Ukutani

Rasimu ni nzuri. Ongeza namba ya toleo lenyewe la Python, kwa sababu jibu linaitegemea: tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 kuna `zoneinfo`, chombo cha kanda za saa, ndani ya Python yenyewe. Zanzibar haina jina lake katika orodha ya kanda za saa, utatumia `Africa/Dar_es_Salaam`. Kwenye Windows huenda ukalazimika kusakinisha kando `tzdata`, yaani orodha yenyewe ya kanda hizo.

Na nikuandae moyo. Likifunguliwa, linaweza kufungwa tena kwa sababu kwamba limeshaulizwa, kwani wengi wamekutana na saa za seva. Hilo si adhabu. Utapewa kiungo cha jibu, na swali lako litabaki kama kibao cha njia kwa mwingine atakayetafuta kwa maneno kama yako.

#22 JahaziMalindi

Kufunguliwa ili lifungwe! Bint Mkoani, nimeanza kukuelewa.

#23 MwanaWete

Nawapa habari. Nilibandika rasimu juzi pamoja na nyongeza ya Ukutani. Limefunguliwa usiku, na asubuhi limefungwa tena kama alivyosema, safari hii likiwa na kiungo. Jibu la kwenye kiungo limefanya kazi. Tiketi zilizokatwa leo zina saa sahihi, na ami ameniuliza kwa nini nilichukua wiki mbili.

Swali la pili, la kugeuza saa, liko wazi na limepata majibu mawili. Hata hivyo mtu mmoja ameandika chini yake akiuliza kwa nini watu waiite saa 7 saa moja, na kama nina hakika sikukosea kuandika. Nimemwandikia kwamba kwetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Bado hajarudi.